Mnunuzi wa Faili na Mipaka ya Umiliki Wake

Kitabu cha karatasi kinaponunuliwa dukani huwa na miliki mbili zinazokwenda pamoja: ya kwanza ni ya kazi yenyewe, ambayo hakimiliki yake hubaki kwa mwandishi au mchapishaji, na ya pili ni ya nakala, yaani kurasa na jalada, ambayo huwa mali ya mnunuzi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, iliamua kwamba hakimiliki haimpi mchapishaji uwezo wa kupanga bei ya nakala ambayo ameshaiuza, na kutokana na uamuzi huo ikajengeka kanuni ya mauzo ya kwanza, inayomruhusu mwenye nakala kuiuza au kuiazimisha bila kuomba idhini.

Faili inayopakuliwa kutoka intaneti haikuingia kwa urahisi katika kanuni hiyo, kwa kuwa kuihamisha faili kwa kawaida ni kutengeneza nakala nyingine katika kifaa kingine, na haki ya kunakili ni ya mwenye hakimiliki. Hoja hiyo ndiyo iliyoiangusha ReDigi, kampuni ya Marekani iliyowawezesha wateja kuuza nyimbo walizozinunua katika duka la mtandaoni la iTunes, pale mahakama ya rufaa ilipothibitisha mwaka 2018 kwamba biashara hiyo ilivunja hakimiliki. Barani Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu mwaka 2012 kuuzwa tena kwa programu za kompyuta zilizopakuliwa kwa leseni isiyo na ukomo wa muda, lakini mwaka 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, ikakataa kuvipa vitabu vya kielektroniki nafasi hiyo.

Pamoja na sheria, kuna mkataba na kufuli. Mkataba humpa mteja leseni, yaani ruhusa ya kutumia kazi kwa masharti, ilhali kufuli la kidijitali ni mbinu ya kuifumba faili ili isifunguke mpaka seva ya muuzaji ikitambue kifaa kinachotumika. Uwezo wa muuzaji ulidhihirika mwaka 2009, Amazon ilipofuta katika vifaa vya kusomea vya Kindle vya wateja baadhi ya nakala za riwaya za George Orwell, ikiwemo 1984, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirejeshwa, lakini vitabu viliondoka bila wenyewe kuulizwa. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vilivyokwisha kununuliwa, ingawa wateja walirudishiwa fedha, havikusomeka tena.

Sheria ya jimbo la California iliyoanza kutumika mwaka 2025 inamtaka muuzaji amweleze mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu, isipokuwa pale bidhaa inapoweza kupakuliwa na kutumika daima bila intaneti, na muuzaji asiweze kuiondoa. Msamaha huo unatoa kipimo kinachofaa hata nje ya jimbo hilo: faili isiyo na kufuli, kama nyimbo ambazo iTunes ilianza kuziuza zote bila kufuli mwaka 2009, haimpi mnunuzi haki ya kuiuza tena, lakini humhakikishia matumizi hata duka likifungwa, ilhali faili yenye kufuli hudumu kwa kadiri seva inavyoendelea kukitambua kifaa.