Glasi Moja Ni Kiasi Gani?

Wanyakyusa wa Kisiba na wa sehemu nyingine za Rungwe wana pombe ya ulezi iitwayo kimpumu, inywewayo kwa mirija huku chombo kikiongezwa maji ya moto. Mnywaji wake hawezi kueleza amekunywa kiasi gani, kwa maana chombo hujazwa tena kabla hakijakauka. Divai nyekundu, iletwayo kwa chupa kutoka Dodoma, hudhaniwa kuwa nyepesi kupimwa: glasi moja, au mbili. Lakini ni glasi ipi?

Glasi ifaayo divai nyekundu ina tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Tumbo huitandaza divai ipate hewa, nao mdomo hukusanya harufu. Ndiyo sababu hujazwa theluthi tu. Kioo cha kawaida, chembamba na kisicho na rangi, chatosha. Kristali yenye madini ya risasi ni ya fahari zaidi, lakini divai ina asidi. Ikihifadhiwa humo kwa siku kadhaa, huyeyusha risasi hiyo kidogo kidogo.

Kung'oa kizibo na kuiacha chupa wima hakusaidii sana, kwa kuwa shingo yake ni nyembamba mno. Imimine divai katika jagi safi la kioo, uiache nusu saa hadi saa moja. Harufu kali za salfa hupungua, na ukakasi wa tanini huonekana kulainika. Divai changa ndiyo hasa inufaikayo. Iliyokaa miaka mingi hupoteza harufu yake upesi. Alkoholi, hata hivyo, hubaki karibu ileile. Anayedhani kwamba divai iliyopumzishwa haileweshi anadanganywa na ulimi wake.

Tufanye hesabu. Divai ya asilimia 13, mililita 150, ina gramu 15 hivi za alkoholi halisi. Glasi pana huweza kupokea mililita 250 bila kuonekana imejaa, nazo zina gramu 26 hivi. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye asilimia 5, ina gramu 20 hivi.

Wako pia wajawazito wanaoshauriwa na jamaa zao kunywa divai nyekundu "iongeze damu". Wekundu ule watoka katika maganda ya zabibu. Tanini yenyewe huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na alkoholi hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mama huyo anahitaji vidonge vya madini chuma na foliki, wala asiguse divai hata kidogo. Mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu naye ajiepushe, kwa kuwa ini lake tayari limeelemewa.

Mhudumu anayeuliza habari za unywaji asiridhike na jibu la "glasi moja". Ampe mgonjwa jagi la maji na glasi ifananayo na ile ya nyumbani, amwombe amimine kama amiminavyo siku zote, kisha apime maji hayo.