Dripu ya ketamini isitufanye tuvitupe vidonge

Kuna dhana inayozidi kusikika katika vyuo vyetu kwamba vidonge vya sonona vimepitwa na wakati, na kwamba dripu moja ya ketamini yatosha kumrejeshea mtu furaha yake. Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari.

Kwanza neno lenyewe. Kusonona ni kuumia moyoni, kwa ndani, pasipo kelele. Wapo wasemao 'unyogovu', nami sina ugomvi nao. Ila wauitao ugonjwa huu 'mawazo' tu wanampotosha mgonjwa, kwani mawazo huweza kuachwa, ilhali sonona haiondoki kwa kuamriwa.

Ketamini si dawa ngeni. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaidhinishwa huko kuwa nusukaputi mwaka 1970, na hadi leo hospitali nyingi za Afrika huitegemea katika upasuaji. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwatia wagonjwa wachache wa sonona kiasi kidogo cha dawa hiyo mshipani, wakaona nafuu kabla ya siku tatu kwisha. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mwingine wa huko huko Marekani, safari hii kwa wagonjwa 17 ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Siku moja baada ya dripu, 12 kati yao walikuwa na nafuu kubwa. Habari hiyo ndiyo inayonukuliwa. Isiyonukuliwa ni kwamba waliodumu na nafuu hiyo kwa wiki nzima walikuwa 6.

Vidonge navyo vina ila zake. Fluoksetini huongeza serotonini ubongoni mapema, lakini moyo hauchangamki mpaka wiki mbili, nne, pengine sita zipite. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, takriban thuluthi moja tu ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza waliyopewa. Kwa mtu anayetaka kujitoa uhai, wiki sita ni muda mrefu mno. Hapo ndipo ilipo fadhila ya ketamini.

Lakini fadhila hiyo ina gharama. Mgonjwa hukaa kwenye dripu dakika 40 hivi huku akichunguzwa shinikizo la damu, ambalo aghalabu hupanda. Wengine huhisi kana kwamba wametoka mwilini mwao. Kisha sharti arudi, na arudi tena. Waitumiao ovyo kwa muda mrefu huharibu kibofu cha mkojo, na uraibu hauko mbali. Kidonge humezwa nyumbani kwa maji ya kunywa. Kwa mwalimu wa Turkana au Kwale tofauti hii si ndogo.

Tena, mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wagonjwa 40 ama ketamini ama maji ya chumvi wakiwa katika usingizi wa upasuaji, ili asijue yeyote kapewa nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana. Sisemi ketamini ni maji. Nasema matumaini ya mgonjwa nayo ni dawa, na mwuza dripu hufaidika nayo.

Anayemeza vidonge asiviache ghafla, kwani kuviacha hivyo huleta kizunguzungu na hata kuirudisha sonona. Aliyekwisha kutumia dawa mbili tofauti, kwa kipimo na muda uliopasa, asifaulu, huyo ndiye wa kumwuliza daktari wa akili habari za ketamini. Na mwanafunzi anayenena kufa asisubiri dripu wala kidonge: mwalimu wake amfuate leo, ampeleke hospitalini.