Neno "Dijitali" Juu ya Kasha: Tujue Tunachokinunua



Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, alipokea zamu yake ya chama katika mwezi wa Shaabani, akaenda mjini kununua runinga. Nia yake haikuwa kubwa. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, wajukuu wangekuwa nyumbani wakingojea futari, na runinga ya zamani ilikwisha kufa. Dukani alionyeshwa kasha lililojaa maandishi ya kumeremeta: "Digital", "HD Ready", "Smart". Akauliza iwapo itashika chaneli za hapa bila ya kulipia kila mwezi. Akajibiwa, "Mama, hii ni dijitali, inashika kila kitu." Akalipa, akaipakia kwenye tuktuk.

Usiku ule kioo kiliandika kwamba hakuna mawimbi. Wakageuza antena kulia na kushoto, wakaipandisha juu ya paa, wapi! Siku ya pili akaitwa fundi. Kijana alifungua menyu, akatazama kidogo, akasema kwa upole, "Bi mkubwa, runinga yako ni nzima, ila haifahamu lugha ya mawimbi ya hapa kwetu." Mama aliporudi dukani akaambiwa vivyo hivyo: runinga ni nzima, na kitu kizima hakirudishwi.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu si cha mama huyu peke yake. Wengi wetu tumewahi kununua neno badala ya kitu. Neno "dijitali" juu ya kasha halitoshi kumwambia mnunuzi kama atapata picha. Linalomwambia ni maandishi madogo ambayo aghalabu hakuna anayemfafanulia.

Herufi moja, nambari moja

Mawimbi ya runinga yanayotoka kwenye minara ya nchi kavu nchini Kenya hurushwa kwa kiwango kiitwacho DVB-T2. DVB ni familia ya viwango vilivyoasisiwa Ulaya. Herufi T inaashiria mawimbi ya minara, yanayonaswa kwa antena ya kawaida. Penye S pana setilaiti, yaani dishi. Penye C pana waya maalumu unaoletwa hadi nyumbani. Nambari 2 inaonyesha kizazi cha pili cha kiwango hicho.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. DVB-T na DVB-T2 zinatofautiana kwa nambari moja tu, na mtu angedhani ya pili ni ile ya kwanza iliyoboreshwa kidogo. Sivyo. Kipokezi cha DVB-T hakiwezi kabisa kusoma mawimbi ya DVB-T2. Mfano wake ni barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Asiyejua hati hizo, hata awe Mswahili wa kuzaliwa, hataisoma. Kipokezi cha T2, kwa kawaida, husoma hati zote mbili.

Kizazi cha pili hakikuletwa kwa kutusumbua. Kinaweza kubeba takriban nusu zaidi ya yale yaliyobebwa na cha kwanza katika mkondo uleule, hivyo chaneli nyingi zaidi hupenya. Lawama yetu si kwa ufundi huo. Ni kwa namna ulivyopewa jina, kisha mnunuzi akaachwa aigundue tofauti mwenyewe.

Hata nchi yetu ilibadili njia

Mawimbi ya kidijitali yalizinduliwa rasmi Kenya mwezi Desemba mwaka 2009, na yalianza kwa kiwango cha DVB-T. Mwezi huohuo Uingereza ilikuwa inaanza huduma zake za kwanza kwa DVB-T2. Baadaye Kenya nayo ikaamua kuhamia T2, na aliyekuwa amewahi kununua king'amuzi cha kiwango cha kwanza akabaki na kopo lisilo na kazi.

Kisha ukaja ule uhamaji tunaoukumbuka sote. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa mawimbi ya analogi. Mapema mwaka 2015, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Upeo, vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Familia zilikimbilia ving'amuzi, ambavyo wengi wetu tunaviita dikoda, na wauzaji wakajifunza kwamba neno "dijitali" linauza. Tangu hapo limebandikwa kila mahali.

Majina yasemayo jingine

"HD Ready" ni sifa ya kioo. Maana yake ni kwamba kioo kinaweza kuonyesha picha ya ubora wa juu, yenye mistari 720 au zaidi, endapo picha hiyo itafikishwa. Haisemi kwamba ndani mna kipokezi cha kuinasa. "Smart" ni habari ya intaneti. Runinga inaweza kufungua video za mtandaoni siku nzima, na bado isinase hata chaneli moja kutoka kwenye mnara.

Na ile "antena ya dijitali" inayouzwa kwa bei ya kuruka? Antena ni chuma cha kunasia mawimbi tu, haijui analogi wala dijitali. Ikiwa antena yako ya zamani ni ya masafa ya UHF, nzima, na inaelekea mnara, yatosha.

Zawadi kutoka ng'ambo

Sisi watu wa Pwani tuna jamaa kila upande wa dunia, na runinga husafiri kama zawadi. Zawadi hupokewa kwa shukrani, lakini ni vyema ndugu aulizwe kabla hajainunua. Marekani hutumia kiwango kiitwacho ATSC, Japani hutumia ISDB-T, na China ina chake, DTMB. Kipokezi kilichotengenezwa kwa viwango hivyo pekee hakitanasa kitu Mombasa, Lamu wala Kwale. Ndiyo sababu ile runinga ndogo iliyomo ndani ya gari lililotoka Japani haionyeshi chaneli zetu, hata gari likiwa zuri kiasi gani.

Nchini Uingereza, king'amuzi chenye alama ya "Freeview" pekee ni cha DVB-T, na kile cha "Freeview HD" ndicho cha DVB-T2. Hata Wajerumani walichanganyikiwa. Walipohamia DVB-T2 mwaka 2017, waliichanganya na mbinu mpya ya kubana picha iitwayo HEVC, na baadhi ya runinga zilizokwisha kuuzwa kwa jina la DVB-T2 hazikuweza kuifungua. Ikabidi iwekwe alama maalumu ili mnunuzi aitambue ifaayo. Basi anayetatizwa na majina haya asijione mjinga.

Cha bure na cha kulipia

Kuna na jambo la pili la kuangalia. Ving'amuzi viwili vinaweza kuwa vyote vya DVB-T2, kimoja kikanasa chaneli za bure bila masharti, na kingine kikafungwa kwa kampuni moja inayotoza ada ya kila mwezi. Cha kulipia mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo, kwa kuwa faida yake imo katika miezi inayofuata. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Si haramu kulipia, iwapo nyumba inamudu na mmeridhia. Lakini ulizeni mapema: nikiacha kulipa, ni chaneli zipi zitakazobaki?

Kabla ya kutoa pesa

Kwanza, tafuta maneno "DVB-T2" juu ya kasha au katika kijitabu cha maelezo, na pamoja nayo "MPEG-4", ambayo ndiyo mbinu ya kubana picha inayotumika hapa kwetu. Ukiona "DVB-T" bila ya nambari 2, simama uulize.

Pili, omba runinga iunganishwe na antena palepale dukani na chaneli zitafutwe. Menyu ikionyesha ATV tu, yaani analogi, bila ya DTV, ondoka. Ikionyesha DTV, bado ngoja mpaka uone chaneli za hapa kwa macho yako, kwani kipokezi cha DVB-T nacho huitwa DTV.

Tatu, mwambie muuzaji aandike "DVB-T2" kwenye risiti. Mali bila daftari huisha bila habari. Muuzaji anayejua anachokiuza hatasita kukiandika.

Na ikiwa umekwisha kununua isiyofaa, usiitupe. King'amuzi cha DVB-T2 cha chaneli za bure kitaunganishwa kwa waya na runinga hiyohiyo, nayo itafanya kazi.

Amana ya muuzaji

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kunufaika nazo. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini kwetu sisi jambo hili lilikuwa na uzito kabla ya sheria hizo. Mafakihi wetu wamefundisha daima kwamba anayeijua aibu ya bidhaa yake ni juu yake kuibainisha. Muuzaji wa mama yule pengine hakujua. Basi na ajifunze, kwa kuwa "inashika kila kitu" ni ahadi, na ahadi ni deni.

Mama yetu aliuza mahamri wiki tatu zaidi, akanunua king'amuzi. Safari hii alikwenda na mjukuu wake wa darasa la saba, ambaye alisoma kasha lote kwa sauti mbele ya muuzaji, herufi kwa herufi, mpaka akaifikia nambari 2. Usiku wa kuandama mwezi waliipata habari wakiwa wamekaa mkekani, wote pamoja. Kuuliza si ujinga.