Nani mkali wa kudaka? Uliza kwanza nani alihesabiwa

Mdakaji wa besiboli huchuchumaa nyuma ya mpigaji, anadaka kila mpira unaompita. Marekani, nani mkali wao? Inategemea unahesabu nini. Ukienda na mataji, ni Yogi Berra: World Series mara 10. Ukienda na Gold Glove, tuzo ya ulinzi, Ivan Rodriguez anazo 13, Johnny Bench 10.

Na Josh Gibson je? Kwa kuwa alikuwa Mweusi, ligi kuu ilimfungia mlango. Alifariki Januari 1947. Aprili mwaka huo Jackie Robinson akaingia. Takwimu za ligi za Weusi zilipojumuishwa 2024, Gibson alikamata rekodi: mapigo 372 kwa kila majaribio 1,000, akimpita Ty Cobb mwenye 367. Namba hazidanganyi, ila wanaohesabu huchagua.