Nani Adaiwe Jibu? Dhamana na Uwajibikaji katika Mitandao ya Kijamii ya Kitovu Kimoja na ya Vitovu Vingi

Katika mijadala ya sera za kidijitali, suala la kuiamini mitandao ya kijamii hujadiliwa kana kwamba ni jambo moja. Msamiati wa Kiswahili hutenganisha mambo mawili: imani, ambayo mtu anaweza kumpa hata asiyemjua, na dhamana, ambayo haipo bila mtu wa kuibeba na kudaiwa. Makala haya yanadai kwamba mitandao ya kitovu kimoja na ile ya vitovu vingi hutofautiana hasa katika hili la pili.

Facebook ni ya aina ya kwanza. Kanuni, seva na uamuzi wa kufuta chapisho vimo mikononi mwa kampuni moja, Meta. Desemba 2022, raia wa Ethiopia pamoja na Katiba Institute walifungua shauri katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, wakidai kwamba mfumo wa kampuni hiyo ulisambaza machapisho ya chuki wakati wa vita vya kaskazini mwa Ethiopia. Kampuni ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa haikusajiliwa nchini humo. Aprili 2025 Mahakama iliamua kwamba inaweza kulisikiliza shauri. Zaidi ya miaka 2, basi, ilipita katika swali la awali tu: jibu lidaiwe wapi. Hata hivyo, wa kudaiwa alijulikana tangu mwanzo.

Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, haina mdaiwa wa namna hiyo. Ni programu huria. Kila seva ina msimamizi wake, nazo huwasiliana kwa itifaki ya ActivityPub, kama watoa huduma za barua pepe wanavyopelekeana barua. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliokuwa umejulikana kwa kuvumilia maneno ya chuki, ulihamia kwenye programu hiyo. Rochko hakuwa na uwezo wa kuuzuia. Wasimamizi wengi walikata mawasiliano nao, mmoja mmoja, na Gab ikatengwa bila kufungwa.

Ukaribu huo una faida ya kiisimu ambayo watunga sera huipuuza. Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa nchini Kenya iliorodhesha "madoadoa" miongoni mwa maneno ya uchochezi. Kwa kamusi, neno hilo halina kosa lolote. Katika siasa za Bonde la Ufa, limewahi kumaanisha watu wa jamii nyingine wanaotakiwa waondoke. Msimamizi anayeishi ndani ya lugha hulitambua bila kusubiri orodha.

Lakini msimamizi huyo aghalabu hujitolea, na akichoka seva huzimika pamoja na kumbukumbu za watu. Mastodon huzitaka seva inazozitangaza zitoe taarifa ya miezi 3 kabla ya kufungwa, na ziwe na angalau mtu mwingine mmoja mwenye uwezo wa kuzifikia wakati wa dharura. Seva isiyotaka kutangazwa haifungwi na sharti hilo. Sheria zinazomtafuta mdaiwa kwa kigezo cha usajili wa kampuni hazitampata hapa. Zingeanza kwa kudai jina la msimamizi na la atakayempokea.