Biashara mpya Oman: jaribu kwanza, kopa baadaye

Vijana wa Oman wanahimizwa kujiajiri badala ya kungojea kazi serikalini. Mbinu iliyoenea kutoka kampuni za teknolojia za Marekani inawashauri wapime bidhaa zao kwa wateja wachache kabla ya kutia mtaji mkubwa. Je, inaweza kufaa Ibra, Sur na Nizwa?

Kwa miaka mingi kijana wa Oman aliyehitimu masomo alitazamia kuajiriwa serikalini, jeshini au katika kampuni za mafuta. Matarajio hayo yamepungua. Bei ya mafuta ilianguka mwaka 2014, ikaanguka tena mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na serikali ikajikuta haiwezi kuwaajiri wote wanaotoka vyuoni.

Mwaka 2013 iliundwa mamlaka ya kuendeleza biashara ndogo na za kati, inayojulikana zaidi kwa jina la Riyada. Mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa Al Raffd kwa ajili ya kuwakopesha wajasiriamali.

Lakini mkopo una tabia moja: hulipwa hata kama bidhaa haikununuliwa. Anayekopa ili ajenge jiko, anunue mashine na gari, kisha agundue kuwa wateja hawaitaki bidhaa yake, hubaki na mashine pamoja na deni. Na deni hilo haliishii kwake, kwani mtaji wa kwanza mara nyingi hutoka kwenye akiba ya baba, dhahabu ya mama au kiwanja cha urithi.

Chimbuko la mbinu

Mbinu inayokusudia kupunguza hatari hiyo ilienezwa na Mmarekani Eric Ries katika kitabu chake The Lean Startup, kilichotoka mwaka 2011. Ries alikuwa amefunzwa na Steve Blank, mjasiriamali aliyegeuka mwalimu, ambaye alisisitiza kuwa majibu ya biashara mpya hayapatikani ofisini bali kwa wateja.

Jina la mbinu hiyo lina maana ya kitu chembamba, kisicho na mafuta ya ziada. Limetokana na jinsi wataalamu walivyouelezea mfumo wa kiwanda cha magari cha Toyota nchini Japan, ambako mhandisi Taiichi Ohno aliondoa kila kazi na kila akiba isiyomletea mteja manufaa.

Ries mwenyewe alijifunza kwa hasara. Mwaka 2004, yeye na wenzake wa kampuni ya IMVU walitumia takriban miezi 6 kutengeneza programu ya mazungumzo ya intaneti. Walidhani watu wangependa kuitumia pamoja na marafiki waliokuwa nao tayari katika huduma nyingine. Ilipotolewa, walibaini kuwa wateja walitaka kukutana na watu wapya, na sehemu kubwa ya kazi ile ikatupwa.

Kutokana na hayo alipendekeza mzunguko wa hatua tatu: kutengeneza kitu kidogo kinachotosha kujaribiwa, kupima wanachokifanya wateja, kisha kujifunza. Baada ya hapo mwenye biashara huamua ama kuendelea au kugeuza mwelekeo, na mzunguko huanza upya.

Ushahidi wa M-Pesa

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda California kutafuta ushahidi. Huduma ya M-Pesa, inayotumiwa leo na mamilioni ya watu, haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa.

Kampuni ya Vodafone, ikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, ilikusudia kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu za mkononi. Mwezi Oktoba 2005 jaribio lilianza nchini Kenya, likiwahusisha Safaricom, taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya na wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika.

Wateja hao walifanya mambo ambayo hayakuwamo katika mpango. Wapo waliowatumia jamaa zao pesa. Wapo waliowalipia wenzao mikopo, na wapo walioweka fedha katika simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Wakati huohuo urejeshaji wa mikopo, ambao ndio uliokuwa lengo, uliongeza ugumu katika hesabu za taasisi.

Waliosimamia jaribio hawakuwalazimisha wateja kurudi kwenye mpango wa awali. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando, na tangazo lake likawa la kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kumalizika ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 1.

Sura ya pili ya habari hiyo haisimuliwi sana. Vodacom ilipoipeleka M-Pesa Tanzania mwaka 2008, huduma haikukua kwa kasi ya Kenya, na ikalazimu kubadili namna ya kuwapata mawakala. Kilichopimwa Thika hakikuwa kimepimwa Tanzania.

Mfano wa Ibra

Ibra, mji mkuu wa Sharqiyah Kaskazini, na vijiji vilivyo jirani nayo, ni asili ya familia nyingi zilizohamia Zanzibar na bara katika karne ya 19. Wengi wa vizazi vyao walirejea baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kiswahili na mapishi ya pwani vingali vikisikika na kunukia katika nyumba zao.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa binti wa familia kama hizo anayetaka kuuza maandazi na sambusa zilizogandishwa, tayari kwa kukaangwa. Anafikiria kukopa rial 15,000 kwa ajili ya jiko, mafriji na gari.

Kwa mbinu hii, kwanza angeandika dhana zake: kwamba hata wasio na asili ya Afrika Mashariki watanunua, kwamba watakubali kulipa rial 1 kwa pakiti, na kwamba watarudi kununua tena. Kisha angejiuliza ni dhana ipi ikivunjika biashara nzima huanguka. Hiyo ndiyo ya kupimwa mwanzo.

Mahali pa kupimia papo. Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake, na wanawake ndio wengi wa wauzaji na wanunuzi. Badala ya kiwanda, angehitaji pakiti 40, sanduku la barafu na daftari.

Daftari hilo ndilo kiini cha jaribio. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Angeandika nani alinunua, nani aliuliza bei akaondoka, na nani alirudi Jumatano iliyofuata bila kukumbushwa. Huenda akagundua kuwa wateja hawataki kukaanga wenyewe, bali wanataka sinia la moto kwa ajili ya chai ya asubuhi ofisini. Hapo biashara yake ingekuwa nyingine, na isingehitaji mafriji wala gari aliloliwazia.

Sifa na adabu

Katika miji ambayo watu wanajuana kwa nasaba, kuna kikwazo ambacho vitabu vya Marekani havikigusii sana. Hakuna shangazi atakayemwambia binti wa kaka yake kwamba sambusa zake hazina ladha. Ataonja, atasifu, ataomba dua, na hatanunua.

Sifa za namna hiyo si uongo, ni adabu. Lakini mtu akizihesabu kama ushahidi wa soko, atajenga kiwanda juu ya adabu za watu. Hata methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza inaweza kumpoteza, kwa kuwa yeye ndiye anayekiita kizuri, na mnunuzi bado hajasema.

Kwa hiyo kipimo kiwe tendo linalomgharimu mteja kitu. Asiulizwe kama anaipenda bidhaa; aombwe kulipa arbuni kwa sinia la wiki ijayo. Anayetoa rial 2 leo amesema mengi kuliko anayesifu kwa nusu saa. Na mteja asiye jamaa anayerudi mara ya tatu ana uzito kuliko jamaa kumi walionunua mara moja kwa kumuunga mkono.

Msimu hudanganya

Jambo jingine ni wakati. Jaribio la sambusa katika mwezi wa Ramadhani litatoa matokeo ya kupendeza, kwani karibu kila nyumba huziandaa kwa futari. Mwenye kukopa kwa hesabu za mwezi huo atalipa deni kwa miezi 11 iliyobaki.

Vivyo hivyo Nizwa, mji mkuu wa Dakhiliyah. Ngome yake na mnada wa mifugo wa Ijumaa huvutia watalii, lakini wengi wao huja katika miezi ya baridi. Anayetaka kuwauzia maji ya waridi ya Jabal Akhdar katika chupa ndogo asiridhike na mauzo ya Januari mpaka ameiona Julai.

Soko lenyewe pia si kubwa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu takriban watu milioni 4.5 nchini Oman, na karibu wanne kati ya kila kumi walikuwa wageni. Mwenye bidhaa anapaswa kujua mapema anawauzia akina nani kati ya hao.

Mipaka yake

Mbinu hii haifai kila kitu. Mafundi wa Sur, mji wa pwani uliosifika kwa majahazi, hawakuweza kumpelekea nahodha nusu ya chombo ili wasikie maoni yake. Dawa, vifaa vya umeme na majengo pia havijaribiwi kwa watu vikiwa nusunusu. Na chakula, hata kikiwa cha pakiti 40 tu, lazima kifuate masharti ya usafi na vibali vya manispaa, kwa kuwa jaribio dogo huweza kudhuru afya kama biashara kubwa.

Pia jaribio halimwondolei mtu wajibu wa kuamua. Wapo wanaojaribu mwaka hadi mwaka bila kuthubutu. Njia ya kuepuka hilo ni kuweka kiwango kabla ya kuanza: wateja wangapi wakirudi nitaendelea, na wakipungua hapo nitabadili au nitaacha. Kiwango hicho kikiandikwa mapema na kuonyeshwa mtu mwingine, si rahisi kukibadili baadaye kwa kuona haya.

Kwa binti wa mfano wetu, Jumatano sita sokoni zingemgharimu unga, mafuta, nyama na usingizi. Endapo jibu ni hapana, atakuwa amepoteza hivyo tu, na dhahabu ya mama yake ingali sandukuni. Endapo ni ndiyo, atakwenda kuomba mkopo akiwa na daftari lenye majina ya walionunua na tarehe walizorudi.