Ua la pori lisilouzwa sokoni, faida yake iko shambani

MKULIMA wa katikati ya Marekani anapotenga kipande cha shamba kwa maua ya pori, jirani humuuliza: utauza nini? Swali hilo ni zito katika jimbo la Iowa, ambako zaidi ya asilimia 99 ya mbuga za asili ziligeuzwa mashamba.

Ua moja linalopandwa ni Monarda fistulosa, la jamii ya mnanaa. Huchanua rangi ya zambarau hafifu na kudumu miaka mingi. Hupendwa na nyuki wanene wenye manyoya wa kundi la Bombus. Aina mojawapo, Bombus affinis, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka Marekani.

Mbegu zake ndogo hutawanywa kabla ya theluji juu ya udongo usio na magugu, kisha hushindiliwa bila kufukiwa. Mbolea haihitajiki, kwani hustawisha magugu. Mwaka wa kwanza mmea hujenga mizizi, na magugu hufyekwa yasiufunike. Kwa kawaida maua huanza mwaka wa pili, katikati ya kiangazi.

Mkulima wa nyanya ndiye hunufaika moja kwa moja. Nyuki hawa hulishika ua la nyanya na kulitikisa hadi chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali hawaiwezi. Mahindi huchavushwa na upepo, na soya kwa kawaida hujichavusha.

Hata hivyo, mkulima wa mahindi naye ana fungu lake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kupanda mchanganyiko wa mimea ya mbugani kwenye asilimia 10 ya shamba kuliongeza wachavushaji mara 3.5 na kupunguza sana mmomonyoko. Mavuno kwa ekari katika eneo lililobaki hayakushuka.

Tahadhari ni mbili. Malkia huibuka ardhini majira ya kuchipua, kabla ua hili halijachanua, hivyo lazima yawepo maua mengine ya mapema na ya mwishoni. Pili, dawa ya wadudu inayopeperuka hadi kwenye maua huharibu kazi yote.

Kwa hesabu hiyo, mahali pa kuanzia ni kingo na miteremko ambayo mavuno yake hayarudishi hata gharama ya mbegu. Hapo anachopoteza mkulima ni kidogo.